Mita ya Ploti ya Syokau

20831323.
Tarakimu nane, sawa na mizani ya kipande kimoja,
zimegongwa kwenye shaba chini ya kifuniko
nyuma ya kinyozi, Tassia,
penye tope lisilokauka hata Januari.
Miezi kumi na minne nimeinamia mita hii.
Kazi yangu ni kusoma maji yaliyopita.
Namba ya mita yenyewe haisomwi, hunakiliwa tu.

Siku moja Syokau alichelewa kuja na ufunguo wa lango la ndani,
nami nikaanza kuigawa, nyuma ya daftari la kazi.
Kwa mbili: imeishia tatu, hapana.
Kwa tatu: jumla ya tarakimu ni ishirini na mbili. Hapana.
Tano, hata usihangaike.
Saba, ikabaki mbili.
Kumi na moja, ikabaki saba.
Kumi na tatu, sita.
Kumi na saba, nusura! Ikabaki kumi na sita,
imekosa moja tu,
kama mtu anayefika dirishani karani akivuta pazia.

Nikaenda nayo Kayole.
Stima ikipotea nagawa kwa tochi ya simu.
Kipeuo chake cha pili hakifiki 4565,
kwa hiyo kazi ina mwisho:
namba tasa mia sita na kumi na nane, si zaidi.
Jumba la tatu la Jumapili nikiwa bado mezani
Nasambu akauliza, "Unamwandikia nani?"
"Mita."
Akaosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida.

Ya mwisho, 4561, ikaacha baki ya 1236.
Basi. Tasa.
Haigawiki ila kwa moja na kwa nafsi yake.

Na ndiyo mita inayogawanywa kuliko zote njia nzima!
Bili ya Machi: elfu kumi na moja, mia tatu na tano.
Milango thelathini na minne.
Kila mlango mia tatu thelathini na mbili,
zikabaki kumi na saba za kugombaniwa ngazini.
Bi Mutheu wa chumba cha tisa, anayeishi peke yake,
aliweka madumu yake mawili mbele ya Syokau:
"Haya ndiyo maji yangu ya siku. Nigawie haya."
Syokau akatazama madumu, akatazama kalkuleta.

Nilitaka kujua majirani wa ile namba.
Inayoifuata inagawika kwa nne,
na kwa kumi na saba ile ile iliyokosa moja.
Ya pili kwa tatu na kwa tano.
Ya nne kwa kumi na moja.
Ya saba kwa kumi, na kumi na tatu juu yake.
Hapo mkono ukachoka, Nelima akaenda kuuliza kompyuta ya shule.
Akarudi na karatasi: mia mbili na tisa mfululizo,
kila moja ina wa kuigawa,
hadi 20831533, ambayo ni tasa.
Tangu mwanzo wa kuhesabu, baba, akasema,
hakuna tasa mbili zilizofuatana zikaachana hivi kabla ya hizi.

Mia mbili na kumi:
mbili mara tatu mara tano mara saba.
Wanne wale wale niliowajaribu wa kwanza pale langoni,
mmoja mmoja hawakuweza kuifungua,
wakaungana kupima upweke wake.

Leo mgao wa maji haujafika. Sindano imelala.
"Imesoma ngapi?" Syokau anauliza.
"Ile ile."
Bi Mutheu anapita na madumu matupu, yanagongana.

Ile nyingine, 20831533, sijui imefungwa mtaa gani,
au bado imo ndani ya boksi ghalani.
Nikikutana nayo
nitaifuta vumbi kwa kidole kabla ya kuinakili.